Paka anakunywa kwenye ndoo na bakuli lake lipo: mwongozo kamili wa kumwelewa paka anavyokula na kunywa

Paka wetu anaitwa Mbalizi kwa sababu alitoka Mbalizi, alikuja kwetu Uyole, Mbeya, ndani ya kikapu cha ndizi kwenye daladala akiwa hata kiganja hajazi, na kazi aliyoletewa ni moja tu, kulinda magunia ya mahindi stoo. Panya anakamata, hapo sina kesi naye. Kesi yangu ilikuwa maji. Nimemnunulia kibakuli cha plastiki kizuri, nakijaza kila asubuhi, yeye anakipita kama hakioni, anaenda moja kwa moja kwenye ndoo iliyopo chini ya bomba la nje, anapiga maji kwa mguu wa mbele mara mbili tatu, anaulamba ule mguu, ndo anainama kunywa. Mama mkwe alipokuja kutoka Tukuyu akamwona, akasema huyu paka ana mambo yake. Mume wangu akasema anaringa tu. Mi nikasema ngoja nimfuatilie, na kilichoanza kama ubishi wa jikoni kimefika hapa.

Kabla hatujaanza shika hili moja maana ndo nitakalokuwa narudia: kituko ambacho paka amekuwa nacho siku zote mara nyingi ni maumbile yake, kituko kilichoanza wiki hii ni taarifa. Yaani usijiulize "hii ni ajabu?" jiulize "hii imeanza lini?"

Hatua ya 1: Mfuatilie siku saba na usibadilishe kitu

Najua unataka kukimbilia kubadilisha bakuli. Subiri kwanza. Chukua daftari, andika anakula saa ngapi, wapi, nini kinabaki kwenye sahani, anakunywa wapi, anajisaidia mara ngapi, ametapika au hajatapika.

Halafu mpime uzito. Kama huna mzani nyumbani nenda nae dukani kwa mtu anayepima mchele, muweke kwenye kikapu, mtacheka wote ila utapata jibu. Mbalizi alikuwa na kilo 3.8.

Maji nilipima hivi: chupa ya nusu lita, naimimina yote kwenye bakuli asubuhi, jioni narudisha yaliyobaki kwenye chupa naona pengo. Siku ya kwanza pengo lilikuwa kubwa nikafurahi kumbe upepo wa Uyole mwezi wa nane umenywa zaidi ya paka. Kwa hiyo weka bakuli la pili linalofanana na la kwanza, maji kiasi kile kile, sehemu ya nje ileile ila juu ambako paka hafiki, kilichopungua kwenye hilo la juu ndo cha upepo, kitoe kwenye hesabu. Na kitu pekee utakachobadilisha siku hizo saba ni kufunika ndoo zote, sio unapima bakuli huku mwenzio anakunywa bombani.

Hesabu ya kulinganishia: paka anahitaji kama mililita 50 za maji kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kwa hiyo Mbalizi ni kama mililita 190, kikombe kimoja cha chai. Lakini sikiliza vizuri, hayo ni maji YOTE, pamoja na yaliyomo kwenye chakula. Nyama au samaki wa kuchemshwa ni maji kama theluthi mbili, chakula cha paka cha punje kile kikavu cha dukani kina maji kama asilimia 10 tu. Kwa hiyo paka anayekula samaki na supu yake unaweza usimwone akinywa kutwa nzima na yupo salama kabisa, na anayekula punje peke yake inabidi uone bakuli linapungua.

Hatua ya 2: Jua unaishi na nani

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika na Mashariki ya Kati, yule yule ambaye mpaka leo yupo porini huku kwetu, ukienda Ruaha ukamwona unaweza kudhani ni wa jirani kapotea. Ni mnyama wa nchi kavu. Figo zake zina uwezo wa kubana mkojo sana ili asipoteze maji, na sehemu kubwa ya maji yake alikuwa anayapata mwilini mwa panya. Kiu yake haina kelele kama ya mbwa.

Aliingiaje kwa watu? Nafaka. Watu walipoanza kuhifadhi nafaka panya wakaja, panya walipokuja paka akafuata. Kule Saiprasi kuna kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita walilikuta mtu amezikwa na paka pembeni yake, taarifa zake zilitoka 2004. Kwa hiyo Mbalizi kwenye magunia yangu anafanya kazi ya ukoo.

Mambo mengine ya mwili wake ambayo yanaeleza nusu ya vituko:

Utamu wa sukari hausikii. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell kule Philadelphia walionyesha kwamba jeni moja (kile kipande cha urithi kinachotoka kwa wazazi) linalohitajika kutengeneza kionjeo cha utamu kwa paka limeharibika, halifanyi kazi. Paka anayelilia keki yako anafuata mafuta na maziwa, sukari haimhusu. Anachokisikia sana ni ule utamu wa nyama na samaki, ule unaoupata kwenye supu iliyokolea.

Taya lake linapanda na kushuka tu, haliendi pembeni kama la ng'ombe anayecheua. Meno ya nyuma ni mkasi. Ndo maana anainamisha kichwa upande mmoja anapokula, anapeleka nyama kwenye mkasi, anakata, anameza bila kutafuna. Na ndo maana anaichukua minofu kutoka kwenye sahani anaenda kuilia sakafuni, anataka nafasi ya kugeuza kichwa.

Tumbo lake ni la milo midogo midogo. Panya mmoja ana kama kalori 30, paka wa kilo nne anahitaji kama 200 mpaka 250 kwa siku, piga hesabu, ni panya saba nane, na hawaji wote saa sita mchana kwa pamoja. Paka akiachiwa chakula muda wote anakula mara 10 mpaka 20 kwa siku, anaonja anaondoka anarudi. Watu wanaita kuchagua chakula. Hachagui, ndo ratiba yake.

Hatua ya 3: Maji, na hapa nitakaa sana

Kwanza yule mguu ndani ya maji. Paka anaona panya gizani mbali huko lakini kitu kilichopo karibu na pua, chini ya sentimita 25 hivi, anakiona kwa ukungu, na maji yaliyotulia hayana kingo, hajui uso wa maji unaanzia wapi. Akigusa yanatikisika, anaona mawimbi, anajua pua aiweke wapi. Mtoto wa mtu naye akifika kwenye dimbwi anatupa jiwe kwanza, hakuna uchawi hapo. Bomba linalodondosha linampendeza kwa sababu hiyo hiyo, maji yanayotembea anayaona na anayasikia, na mara nyingi ni ya baridi na mapya.

Pili anavyokunywa. Jamaa mmoja wa chuo cha MIT Marekani, Roman Stocker, alikuwa anamwangalia paka wake anaitwa Cutta Cutta asubuhi akinywa, akajiuliza mbona hafanyi kama mbwa, wakampiga picha za video za kasi sana na wenzake, 2010 wakachapisha kwenye jarida la Science. Kumbe paka hachoti. Ncha ya ulimi inakunjwa kwa nyuma, inagusa tu uso wa maji, inavutwa juu kwa kasi, maji yanafuata ulimi kama uzi mwembamba, na kabla uzi haujakatika paka anafunga mdomo na kuung'ata. Mara nne kwa sekunde moja. Juzi nilikaa chini pale bombani na tochi ya simu nikainama mpaka shavu likagusa sakafu, ukweli huwezi kuona kitu kwa macho, unaona maji yamesimama tu kama mshumaa, kidevu kikavu kabisa.

Ukijua hivyo unaelewa kwa nini bakuli jembamba lililojaa nusu linamkera, inabidi aingize kichwa chote, masharubu yanasugua kingo na hamwoni anayekuja nyuma yake. Sasa fanya hivi:

Tafuta chombo kipana chenye kina kifupi na ukijaze mpaka karibu na ukingo. Mi plastiki niliitupa, inakaa na harufu ya sabuni na pua ya paka sio pua yako. Nilichukua chungu kipana cha Wakisi, wale wanaofinyanga kule Ikombe na kuuza soko la Lyulilo Matema, kizito, hakipinduki, na siku ya kwanza tu akanywa. Nikajisifu kwa mume wangu kweli kweli.

Ilipofika mwezi wa sita akaacha tena. Nikaudhika, nikasema huyu sasa kweli anaringa, kumbe chungu kinapoza maji, kiangazi ni sifa ila Juni na Julai huku kwetu asubuhi nyasi zina barafu na maji ya chungu yanauma meno. Nikakisogeza jikoni karibu na jiko la mkaa, mbali kidogo lisimrukie cheche, na asubuhi naongeza maji ya uvuguvugu kidogo. Akarudi. Kwa hiyo wa Njombe, Makete na Mafinga msisahau hilo, na wa Kyela kwenye joto fanyeni kinyume.

Weka maji sehemu mbili tatu, na yasikae jirani na choo chake, chakula nacho kikae mbali kidogo, wengine hawapendi vikiwa pamoja. Badilisha kila siku. Mwisho kabisa, kama hanywi kabisa, mnyweshe kwa ujanja, ongeza vijiko viwili vitatu vya supu isiyo na chumvi kwenye chakula.

Maziwa je? Mtu wa Rungwe utamwambiaje asimpe paka maziwa wakati ndo yamejaa. Kitoto kinanyonya maziwa ya mama yake sawa, ila paka mkubwa wengi hawana tena uwezo wa kusaga ile sukari ya maziwa, anakunywa kwa raha halafu anaharisha, na kuharisha kunatoa maji mengi kuliko aliyoyapata. Kijiko kimoja kwa anayevumilia sio mbaya. Kuyafanya ndo maji yake hapana.

Hatua ya 4: Vituko vya kwenye sahani

Anaparua sakafu kuzunguka sahani kama anafukia. Anafukia kweli, paka pori hufunika mabaki harufu isiite wanyama wengine. Maana yake mara nyingi ni "nimeshiba, hiki cha baadae." Toa sahani, mletee kidogo baadae.

Anakula panya kuanzia kichwani, anaacha kitu kidogo kama nyongo na utumbo mlangoni kwako asubuhi. Kawaida, kaokote kwa jivu. Kinachonitisha zaidi ni panya mwenyewe kafia wapi, kama jirani ametega sumu ya panya, paka akila panya aliyekula sumu anaweza kufa na yeye. Ongeeni na majirani, aidha paka aidha sumu.

Ananusa chakula anaondoka. Angalia joto. Windo lake linakuwa na joto la mwili, kama nyuzi 38, wewe umempa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa, waliolala kabatini usiku wa Julai. Paka anakula kwa pua kabla ya mdomo na chakula baridi hakinuki. Mwagia maji ya moto kidogo, koroga, jaribu kwa kidole kiwe vuguvugu, muone atakavyokuja mbio. Na kama ana mafua pua imeziba hatakula hata minofu, hapo shida sio chakula.

Anachambua ugali anakula samaki tu. Huyo ana akili. Paka lazima ale nyama, wali na ugali vinaweza kumjaza tumbo ila sio kumlisha. Kuna kitu kinaitwa taurini, kipo kwenye nyama na samaki, mahindi hayana, na mwili wa paka hauwezi kujitengenezea cha kutosha, akikikosa muda mrefu macho yanaharibika na moyo unalegea. Mwaka 1987 madaktari wa chuo kikuu cha California kule Davis ndo waliunganisha ugonjwa wa moyo wa paka na upungufu huo. Kile kisingizio cha "asipewe chakula ili akamate panya" kiache, anayewinda vizuri ni mwenye nguvu.

Anakula haraka halafu anatapika chakula kizima kizima. Gawa mlo mara nne tano, au tandaza kwenye sinia pana badala ya kurundika. Kama wapo wawili kila mmoja na kona yake, asile akiangalia nyuma.

Hatua ya 5: Ninachompikia mi

Moyo wa ng'ombe au wa kuku kutoka buchani, huo una taurini nyingi, nakata vipande, nachemsha kidogo tu kwa maji machache. Supu SIMWAGI, taurini inayeyuka kwenye maji, ukimwaga supu umemwaga dawa. Naongeza usipa wa Ziwa Nyasa walioloekwa na kuoshwa mchanga, wanachemshwa mpaka mifupa inalainika, hiyo mifupa ndo kalsiamu yake. Samaki mbichi simpi kila siku, baadhi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 na moto unakiua. Jumla kwa paka wa kilo nne ni kama gramu 150 za nyama iliyopikwa kwa siku nzima, imegawanywa.

Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki inatosha. Paka anayekula maini kila siku vitamini A inamzidi mpaka shingo inakakamaa. Pia nachanganya na chakula cha dukani siku nyingine kwa sababu sufuria yangu haiwezi kuwa kamili na sitaki kujidanganya.

Kitunguu maji na kitunguu swaumu hapana kabisa, hata kilichopikwa, hata mchuzi wake, vinaharibu damu ya paka. Chokoleti hapana. Mifupa ya kuku iliyopikwa hapana. Na Panadol, tafadhali, kidonge kimoja unachokunywa wewe kwa kichwa kinaua paka.

Hatua ya 6: Anavyokula ambavyo sio chakula

Nyasi: karibu paka wote wanakula, wengine wanatapika baadae wengine hawatapiki, na sio lazima awe mgonjwa. Watafiti wanahisi ni tabia ya kurithi ya kusafisha minyoo. Shida huku kwetu ni nyasi za shamba lililopigwa dawa ya magugu, kwa hiyo mpandie kibati cha ngano au shayiri nyumbani, siku kumi tayari. Pia dawa ya unga unayoweka kwenye mahindi, paka akilala juu ya gunia linapakaa manyoya na yeye anajilamba, kung'uta magunia nje.

Udongo, majivu, kulamba ukuta: hapo nachungulia fizi, zikiwa nyeupe badala ya pinki naanza kufikiria upungufu wa damu, na mara nyingi ni minyoo au viroboto. Dawa ya minyoo kwa paka mwindaji kila miezi mitatu hivi, ya paka, kwa uzito wake. Kwa viroboto usimuogeshe dawa ya ng'ombe wala ya mbwa, nyingi zina kemikali ambazo mbwa anastahimili na paka zinamtetemesha mpaka kufa.

Sufu na nailoni: wapo wanaonyonya blanketi, hasa walioachishwa mapema, ukiona ananyonya tu muache ila akianza kumeza ficha. Uzi ndo mbaya kuliko vyote. Ukiona uzi unatokea mdomoni au nyuma usivute, unaweza kukata utumbo, mbebe hivyo hivyo kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 7: Hapa usisubiri kesho

Paka ambaye hajala kabisa saa 24, tafuta daktari wa mifugo, ikifika siku mbili na hasa kama ni mnene mafuta yanaanza kujaa kwenye ini na hapo ni ngumu kumrudisha. Mbwa anaweza kugoma siku mbili ukacheka, paka hapana.

Dume anayeenda kwenye mchanga mara kwa mara, anachuchumaa, analia, hakitoki kitu. Jirani yangu alidhani paka wake kafunga choo, akampa mafuta ya kula, siku mbili zikaisha. Alikuwa ameziba mkojo. Huyo anaweza kufa ndani ya siku moja mbili, ni safari ya saa hiyo hiyo, usiku mvua ikinyesha nenda.

Anayekunywa ghafla sana, ukipima ukakuta inakaribia mililita 100 kwa kilo kwa siku, au alikuwa hagusi bakuli na sasa halitoki mdomoni, hasa mzee wa miaka nane na zaidi: figo au kisukari. Na yule anayekula kama kawaida au kuzidi huku anakonda, usishangilie hamu ya kula.

Anayesogelea chakula, anataka, anainama, halafu anaruka nyuma au anadondosha mate: mdomo unauma, chungulia meno kwa mwanga wa dirisha.

Ukienda muweke kwenye kikapu chenye mfuniko na kitenge juu, ukiweza beba na choo au matapishi kwenye mfuko. Na lile daftari la siku saba usiliache nyumbani, maana swali la kwanza utakaloulizwa mezani pale ni ameanza lini.